Hatukushuka Ruiru

Watu wa kanisa yetu bado wanaiita ile safari "safari ya Ulaya", na wakisema hivyo wanataka nione haya. Sioni. Tulienda Kisumu kwa treni, wanawake watatu, kabla ya Hali ya Hatari, na mimi ndiye nilianzisha maneno.

Ilianzia shule ya jioni. Sisi akina mama wa Thika tulikuwa tukimaliza kazi tunaenda kukaa kwa madawati ya watoto wetu, magoti yanagonga mbao, tunasoma kwa taa ya karabai. Kitabu chetu kilikuwa na hadithi ya wasichana marafiki waliozunguka Ulaya kwa treni. Wanalala nchi moja, wanaamka nchi ingine, watu wanaongea lugha ingine, hata mkate ni mwingine. Nikainua mkono nikamuuliza mwalimu ni nani aliwapa ruhusa. Mwalimu akasema kitabu hakisemi, labda walikata tikiti tu. Darasa lote likacheka. Mimi sikucheka. Hayo maneno, walikata tikiti tu, nilitembea nayo mpaka nyumbani.

Kwani hata sisi hatuna treni? Kutoka kwetu mpaka ziwani unapita kwa Wamasai, unapita kwa Wanandi, unafika kwa Wajaluo. Hizo si nchi? Na huko Kisumu kulikuwa na mkutano mkubwa wa ndugu waliookoka kama sisi. Nikaambia rafiki zangu wawili. Mmoja ni mke wa mpishi wa Wazungu, jirani yangu, mtu wa rika yangu, mwoga hata wa kuku. Mwingine ni mjane wa Ruiru, mchuma kahawa, kicheko chake unakisikia ng'ambo ya mto. Wakakubali. Bwana yangu hakuwa na neno. Alisema niende, ila nisirudi bila samaki.

Shida ililetwa na ukweli. Sisi watu wa wokovu hatufichi kitu. Jambo unalotaka kufanya unalileta mbele ya ushirika, unalisema lote vile liko moyoni, halafu ndugu wanaliombea mpaka kila mtu awe na amani nalo. Basi nikasimama nikasema tunataka kwenda mkutanoni. Ningekaa hapo, wangetuombea na kutuimbia wimbo. Lakini nilikuwa sijasema yote. Nikaongeza kwamba nataka kuona pia. Nataka kukaa dirishani na rafiki zangu, bila mtoto mgongoni, bila kuni, niangalie nchi ikipita.

Mzee wa kanisa, yule aliyekuwa anatoka Ruiru na ndiye alikuwa anapitisha sahani ya mkate wakati wa meza ya Bwana, akasema yeye hana amani. Hiyo ni tamaa ya macho, nitubu. Nikamwambia nimetubu mengi mbele yake na anajua mimi si mgumu wa kutubu, lakini hii sitatubu kwa sababu si dhambi. Mungu ameumba huko, mimi nataka kuangalia tu. Akasema basi, tukienda, tusahau meza ya Bwana.

Mke wa mpishi akaanza kulia hapo hapo. Na mimi sisemi sikuogopa. Kwetu mtu asiyepewa mkate ni kama ameshazikwa na bado anaonekana sokoni. Niliomba sana. Nilimwambia Mungu kama hii hamu ni adui yake, aiondoe. Asubuhi nikaamka bado iko. Basi nikapika viazi vitamu vya safari.

Tulipanda Thika, klasi ya tatu, mimi na mke wa mpishi. Mjane tungemchukua Ruiru. Wapagazi walikuwa wamesikia habari yetu, maana mmoja akatuuliza, "Mama, huko Ulaya mtarudi lini?" Nikamwambia tukishamaliza kuwatafutia bibi, kwa sababu hapa Thika wote wamewakataa. Mke wa mpishi alikuwa ameshika nguo yangu kama mtoto. Mistari ya mkonge ilipita, moja moja, imenyooka kama nywele iliyochanwa, nikamwambia aangalie. Akaangalia kidogo, akafunga macho tena.

Treni iliposimama Ruiru, nikatoa kichwa dirishani. Mjane alikuwa pale, kitambaa cheupe kichwani. Kando yake, mzee wa kanisa na koti lake la Jumapili, na mkono wake umeshika kamba ya kiondo cha mjane. Ndani ya hicho kikapu kulikuwa na chakula chake chote, blanketi na Biblia.

"Shukeni, dada zangu," mzee akatuambia. "Nimekuja kuwarudisha nyumbani kwa amani."

Mke wa mpishi akasimama. Nikamwambia pole pole, "Kama umechoka, shuka. Usishuke kwa kuogopa koti."

Akabaki amesimama, hashuki, hakai.

Mzee akasogea dirishani, kiondo mkononi. Akasema mara ya mwisho, tukiondoka na hiyo gari, meza tumeikosa.

"Meza ni ya Bwana," nikamwambia. "Wewe unatupitishia sahani tu."

Filimbi ikalia. Mjane akavuta kiondo chake, mzee akakivuta pia. Mjane akaangalia kiondo, akatuangalia sisi. Halafu akaachilia.

"Basi beba wewe," akamwambia, akapanda.

Sasa, kwetu mwanamume habebi kiondo. Hata bibi yake akiwa mgonjwa, atatafuta msichana wa kubeba. Kiondo ni cha mwanamke, na mwanamume akionekana nacho, watu watamcheka mpaka azeeke. Na huyu alikuwa amesimama katikati ya stesheni, na koti, kamba ya kiondo inaning'inia, watu wa mashamba wamejaa, akina mama wanaenda soko. Mama mmoja akamuuliza kama viazi ameshamenya. Mpagazi akamuuliza, "Mzee, kumbe umeolewa? Mahari tulikula lini?"

Treni ikaanza kusonga. Mzee akaanza kutembea nayo, halafu akakimbia, koti linapepea, akasukuma kiondo ndani ya dirisha letu kama mtu anayetupa makaa. Aliyekipokea ni mke wa mpishi.

"Asante, ndugu," akasema, akakaa chini. Akaanza kucheka, yule mwoga, mpaka mjane akamwambia apumue.

Mzee alifanya vile alivyosema. Tuliporudi, sahani ilitupita, Jumapili baada ya Jumapili. Sisi tukahamia benchi ya mbele, watatu, ili akitupita atupite karibu. Kwa ushirika nilisimama nikashuhudia safari yote: lile bonde kubwa, ziwa, samaki, wanawake wa Kisumu waliotuombea kwa lugha tusiyoijua na tukasema amina. Wakangoja nitubu. Nikakaa.

Siku hizi za Hali ya Hatari, Mkikuyu kama sisi hapandi treni bila pasi ya serikali, na pasi hawatupi. Juzi nilikuwa kwenye foleni ya pasi hapa Thika, jua kali, nikaona mzee ako mbele yangu. Halafu akageuka, akaniuliza kwa sauti ndogo kama ni kweli yale maji ya Kisumu ni mengi vile nilivyosema.

Nikamwambia, "Ungepanda na kile kiondo, ungejua."