Wanawake Saba, Kiuno Kimoja

Haya hutayaamini. Mke wangu hayaamini mpaka leo, na yeye alikuwapo, amekaa palepale kwenye kigoda anashona vifungo. Nimekuwa fundi cherehani miaka thelathini na mitano. Shule niliishia darasa la nne, nalo nililimaliza kwa huruma ya mwalimu, lakini mkasi wangu umesoma mpaka chuo kikuu. Sijawahi kuandika kipimo cha mteja. Napima, natia kichwani, nakata. Karatasi ni ya wenye vichwa vinavyovuja.

Hivyo ndivyo nilivyomfundisha mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Mtaani wanamwita Nusu Inchi, kwa sababu ukipita tu mbele yake atakuambia bega lako la kushoto limeshuka nusu inchi. Na kweli limeshuka. Langu limeshuka, na nilikuwa sijui.

Sasa, kijana akijifunza kukata lazima apate mwili wa kujifunzia. Wake alikuwa binti wa duka la vifungo, mlango wa tatu kutoka kwetu. Alikuwa akituletea zipu, anasimama katikati ya chumba mikono ameiinua kidogo, na Nusu Inchi anamzungushia futi kiunoni huku anatetemeka kama anayempima simba. Wakawa wachumba. Miaka mitatu. Kila mwanamke aliyeingia dukani, kijana alimlinganisha na huyo mmoja. "Mjomba, huyu ni yeye na vidole vinne kiunoni. Yule ni yeye, toa kidole begani." Sikumkataza. Kila fundi ana mahali anapoanzia kuhesabu. Mimi huanzia kwa marehemu mama yangu, na sijawahi kumwambia mtu.

Binti aliondoka Jumanne moja kabla ya chai. Aliingia na bahasha ya vifungo tulivyoagiza, akaiweka mezani, akasema mbele yangu, bila kupandisha sauti:

"Mimi nimeacha."

"Umeacha nini?" kijana akauliza.

"Wewe. Kiuno changu unakijua kuliko mama yangu. Lakini mwaka mzima nakuambia nataka kwenda kusoma, na kila nikikuambia unanijibu nyoosha mgongo."

Nusu Inchi akafungua mdomo. Nikaomba kimoyomoyo aseme neno la maana. Akasema, "Lakini umepinda kweli."

Wiki ileile binti akapanda basi na sanduku lake. Dukani akabaki baba yake.

Mwezi uliofuata nilimwona kijana, mtu mzima, anapiga pasi shati moja mara nne, kisha analivaa ndani nje. Alikuwa anakula amesimama dirishani, sahani mkononi, anatazama mlango wa tatu kama askari wa lindo. Mimi dawa niliyo nayo ni utani, basi nikamtania. "Mpwa, ukizidi kukonda hivi nitakupitisha kwenye tundu la sindano." Hakucheka. Dada yangu alipiga simu kuuliza kama mwanawe anakula. Nikamwambia anakula mpaka anaramba sahani. Nilipokata simu nikaona sahani yenyewe, chakula chote kimekauka juu ya cherehani.

Ndipo ikaja kazi ya wapishi saba wa shule ya bweni. Sare mpya, na shule inafunguliwa Jumatatu. Nikampa Nusu Inchi apime na akate yote mwenyewe, ili mikono ichoke na kichwa kipumzike. Kazi yangu ilikuwa kumwangalia. Nilimwangalia kutoka kwa kinyozi jirani, nikicheza drafti, na kwa taarifa yako nilikuwa nashinda.

Ijumaa asubuhi wapishi wakaja kujaribu. Mpishi Mkuu, mama mwenye mwili wa watu wawili na sauti ya watatu, aliingiza kichwa na mkono mmoja, gauni likagoma hapohapo. Mwembamba wao akatokea nyuma ya pazia ameshikilia lake kwa mikono yote miwili.

"Fundi, hili ni gauni au hema?"

"Huyo hema," Mpishi Mkuu akasema kutoka ndani ya kitambaa, "mimi nimevalishwa soksi."

Nikachukua magauni matano yaliyobaki mezani, nikayapanga moja juu ya jingine, pindo kwa pindo, bega kwa bega. Yalilingana kama kurasa za kitabu. Nacho kile kiuno nilikijua. Nilikiona kikipimwa miaka mitatu.

"Mpwa. Hawa mama zako uliwapima?"

"Niliwapima."

"Halafu ukakata nini?"

Akayatazama. "Nikianza kuhesabu lazima nianzie kwake, mjomba. Nikifika kwake, siendi tena mbele."

Akachukua mkasi, ule niliomkabidhi siku alipofuzu, akauweka mbele yangu. "Mpe mwingine. Mimi narudi kwa mama."

Nina maneno mengi, wanaonijua wanalalamika. Siku ile niliusukuma tu mkasi urudi upande wake wa meza.

Wakati huo mpishi wa saba, mjane wa makamo, alikuwa amechukua gauni lake pale mezani na kwenda nalo nyuma ya pazia. Akatoka. Lilimkaa. Begani, kiunoni, kila mahali. Akageuza mgongo ajitazame kwenye kioo, na Nusu Inchi akauona mgongo ule wa miaka mitatu. Akakaa chini, katikati ya vipande vya kitambaa, akalia bila sauti, mabega tu yakienda juu na chini.

"Nimekosea nini?" mjane akauliza.

"Hujakosea, mama," kijana akasema. "Limekukaa."

"Limenikaa." Akajipapasa ubavuni. "Tangu mume wangu afe navaa tu kilichopo." Akamtazama pale chini. "Alikuwa nani?"

"Wa duka la vifungo."

"Amefariki?"

"Hapana. Ameenda chuo."

Mjane akafikiri. "Pole, mwanangu. Wangu najua alipo. Wako mgumu zaidi, bado anatembea."

 Mpishi Mkuu akaingilia, gauni bado limemkaba shingoni.

"Tumesikia, na tutalia baadaye. Jumatatu watoto mia nne wanakula. Daftari la vipimo liko wapi?"

"Hapa hatutumii daftari," nikasema kwa fahari.

Akaniangalia kama mtu aliyekuta panya kwenye unga. Akatoa daftari lake la mahitaji ya jikoni na penseli, akamtupia kijana mapajani.

"Andika. Anza na mimi. Na usinilinganishe na mtu."

Nusu Inchi akafungua ukurasa mpya. Kabla ya kumwandika Mpishi Mkuu aliandika vipimo vitano vya mlango wa tatu juu kabisa, bila kumpima mtu, bila kuuliza. Chini yake akapiga mstari. Penseli ilikaa mwisho wa mstari ule muda mrefu, na wale wanawake, ambao jikoni hawasubiri hata maji yachemke, walisubiri. Kisha akasema, "Mjomba, soma."

Nikasoma futi. Namba zikipita hamsini huwa zinanichezea, kwa hiyo hizo mke wangu akawa anainuka kwenye kigoda ananisomea. Ndiyo, ndiyo sababu ya kutia kichwani. Umeshajua, tuendelee.

Kijana alipomaliza kumwandika wa saba akainuka, akachukua mkasi mezani. Sikumtania. Kitambaa cha buluu kilikuwa kimeisha, basi nikatoa cha kijivu nilichokiweka miaka miwili kwa suti yangu. Tukafumua, tukapachika vipande vya kijivu mbavuni, wa kupunguziwa akapunguziwa. La mjane halikuguswa.

Kijana bado anakula amesimama, siku moja moja. Ukurasa ule hajautupa, aliuomba kwa Mpishi Mkuu akaubandika kwenye daftari kubwa alilonunua, na kila mteja sasa ana ukurasa wake. Hapa ninapoandika haya yupo nyuma yangu anasoma, pini mdomoni. Na ule mshono wa mbavu za kijivu, ndugu yangu, uliwasha mji moto. Wakaja walimu, wakaja wauguzi, akaja mke wa mkubwa mmoja simtaji, foleni ikatoka mlangoni kwetu ikapita kwa kinyozi ikafika mpaka kwenye—

"Mjomba. Wateja walikuwa wawili. Nimewaandika."