Nilimgeuza Dani kuwa kitabu cha London

Jumanne, saa nane na dakika kumi mchana, 1974, Kisumu. Hapo ndipo woga ulipoanza.

Wakuu, salamu. Nanakili diary yangu ya Form Three, sijapamba kitu.

Mwalimu wa History alikuwa anarudisha essay. Yangu ilikuwa juu ya wanawake wanaouza samaki Luanda Kotieno. Akaiinua darasa zima waone.

"Wewe unayejificha nyuma, hiki kitabu ulikitoa wapi?"

Kidole chake kilikuwa kwenye references, mstari wa tatu:

Rusalia, A., 1951, Wanawake wa Samaki, London, uk. 43.

Wakuu, hakuna kitabu kama hicho.

Rusalia ni Dani, yaani nyanya yangu, aliyeanzia Luanda Kotieno na sasa anauza omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Kibuye. Hajui kusoma. Yote aliniambia tukichambua omena. Lakini sisi tulifundishwa kitabu na gazeti tu. Mtu anayeongea ana ukurasa gani? Nikampa 43.

"Kesho naandikia London watuletee," mwalimu akasema. "Na kama umebuni, unarudi nyumbani kama yule aliyefukuzwa mwaka jana."

Baba alishasema nikifukuzwa shule nisipitie kwake.

Wanjiru, niliyekaa naye dawati moja, akaninong'oneza, "Dani yako alipanda ndege lini?"

Sikucheka.

Jioni nikamwambia Dani kila kitu. Nilidhani atacheka. Akaacha omena, akanitazama.

"Kwani nilikudanganya, ndio ukanificha?"

"Mimi na London wapi na wapi? Andika jina langu na mahali nilipokaa nikikuambia."

Hilo ndilo somo langu, wakuu. Kitabu kina namna yake ya kuandikwa, gazeti lina yake, na mtu wa mdomo ana yake: jina, mahali, siku. Usipojua, uliza. Mimi niliona haya kuuliza. Nyinyi mlipokosa kitabu mliandika nini? Semeni hapa chini, hakuna wa kuwafukuza.

Asubuhi nilifika kabla ya kengele. Nikampa mwalimu karatasi mpya:

Rusalia Akoth, muuza omena. Mazungumzo na mwandishi, nyumbani kwake, Kisumu, Jumapili.

"Na London?"

"Nilibuni, Mwalimu."

Akasoma tena. Akanikata alama kumi kwa kalamu nyekundu, akanionyesha nyasi za uwanja wa nyuma badala ya lango.

Jina la Dani hakulikata.

Nikachukua slasher, nikaenda kufyeka nyasi.