Wanafunzi Wasikilize

Ukisema tu unatoka Pemba, jamaa wa Unguja washaanza kusogeza kiti. Ati tuna mambo. Yakhe, mambo gani? Siye tuna mihogo na mtandao wa kukatika. Ila kwa Bi Kazija naomba nisibishe sana, maana nilikuwepo.

Bi Kazija anasomesha darasa la pili kwenye skuli moja ndogo upande wa Shumba. Mfupi, buibui limepauka mabegani kwa vumbi la chaki, miwani kaifunga na uzi mweusi. Kawasomesha hata wazazi wa wanafunzi wake. Mie ni mwalimu wa kujitolea wa darasa la pembeni, maana yake nalipwa dua. Ukuta wetu haufiki juu, kwa hiyo akikohoa yeye, wanafunzi wangu wanasema "afya".

Kitu chake ni malengo ya somo. Sisi wengine tunaandika lengo kwenye andalio la somo, tunafunga daftari, basi, limekufa. Yeye huliandika ubaoni, analisoma kwa sauti, na watoto wanaitikia "Inshallah!" ndipo anaanza. Halafu linatimia. Hapo ndipo palipokuwa panatutisha vijana. Akiandika "wanafunzi wasome silabi za B", zitasomwa. Hata aliyesinzia anainua kichwa, "ba, be, bi," anakirudisha mezani. Kwenye grupu la WhatsApp la walimu tulikuwa tunamchokoza: "Bi Kazija, chaki hiyo umeiagiza wapi, na siye tuletewe?" Anarudisha kidole gumba tu.

Aliyemnoa ni Bwana Abdulsamad wa Wawi, mshauri wa masomo, anayekuja na vespa na fomu zake. Huyo bwana ana vita na neno "kufahamu".

"Mwanafunzi afahamu. Haya, Bi Kazija, kufahamu kunaonekanaje? Kuna rangi? Kuna mkia?"

"Hakuna, Bwana."

"Basi andika kitu nitakachokiona kwa macho. Ataje, achore, asome. Na useme kinaishia wapi."

Bi Kazija akashika. Miaka yote hakukosea, mpaka siku ile ya mvua.

Siku hiyo alikuwa na kikundi chake cha watoto kumi, wale ambao herufi zimewagomea. Mvua imekatika sasa hivi, watoto wamelowa, kelele utadhani sokoni. Nilimsikia akigonga meza. Akagonga tena. Nami nikampigia kelele juu ya ukuta, "Bi Kazija, wakimbize hao!" Ndipo nikasikia chaki inaburuzwa kwa hasira. Akasoma alichoandika:

"Lengo. Wanafunzi wasikilize."

"Inshallah!"

Kukawa kimya. Si kimya cha watoto waliogombezwa, kile kina vicheko chini ya meza. Hiki hakikuwa na kitu. Hata wanangu mie walinyamaza, na wanangu hawanyamazi kwa ajili ya mtu.

Nikaenda kuchungulia mlangoni. Watoto wote kumi wamekaa wima, vichwa vimelalia upande mmoja, sikio la kushoto limeelekea ukuta wa nyuma. Nyuma ya ukuta ule hakuna kitu, ni manyasi na tangi la maji lililotoboka.

"Haya, tumesikiliza, sasa tusome," Bi Kazija akasema. Hakuna aliyetikisika. Kengele ya mapumziko ikalia, wakabaki. Akafuta ubao, wakabaki. Akaufuta tena kwa kitambaa cha maji mpaka ukang'aa, mtoto hakupepesa.

Nikasema, "Bi Kazija, hawa wanakutania." Nilisema hivyo kwa sababu ndiyo kauli yangu ya kila kitu.

Wazazi waliitwa. Mtoto ukimshika mkono anakwenda. Ukimpa uji anakunywa. Lakini hakutazami, wala hasemi, na ukimuweka nyumbani anageuka polepole mpaka sikio lielekee skuli, nyumba iwe upande wowote. Mwatum, anayeuza mandazi getini petu, alimgeuza binti yake Samiha kwenye kitanda huku akilia, na kila akimwachia mtoto anarudi vilevile, kama sindano ya dira. Shehe alikuja akawasomea. Walimsikiliza vizuri sana, shehe mwenyewe alisema hajawahi kusikilizwa vile maisha yake. Kisha akaomba asirudi.

Asubuhi yake wazazi wakawarudisha watoto darasani, na Bi Kazija akampigia simu Bwana Abdulsamad. Kaja anacheka. Kafika mlangoni, kicheko kikabaki nje na vespa.

"Uliandika nini?" akauliza. Bi Kazija akamwambia.

"Wasikilize nini?"

"Sikusema."

"Mpaka lini?"

"Sikusema."

"Na utajuaje kama wamesikiliza?"

Bi Kazija akavua miwani. Nilikuwa sijawahi kumuona bila miwani, alionekana mdogo. "Bwana, haya si uliniambia miaka yote? Kelele zilinishinda tu. Sasa niambie watoto wa watu nawatoaje."

"Kama uliwaingiza kwa lengo, watoe kwa lengo. Kitendo kinachoonekana, na mwisho wake."

Mwatum alikuwa kasimama nyuma ya Samiha, kamshika mabega. Akasema, "Andika, mwalimu. Chochote. Andika."

Bi Kazija akachukua chaki. Mkono wake, nakwambieni, ulikwenda wenyewe, vile ulivyozoea. Akasoma: "Hadi mwisho wa kipindi, angalau wanafunzi tisa kati ya kumi wataje sauti moja waliyoisikia."

"Inshallah," wakaitikia watoto. Sauti ya kwanza tangu jana. Wazazi wakashikana mikono.

Wakaanza kutaja, mmoja mmoja, kwa mpangilio wa viti.

"Mashine ya kusaga."

"Kuku."

"Mama anakoroga uji."

Kila aliyetaja anashtuka, anafikicha macho, anauliza kwa nini watu wamejaa darasani. Watu wakaanza kucheka kwa furaha. Bakar, wa dirishani, akasema, "Babu anakohoa," na kicheko kikakatika, maana babu yake tulimzika tangu Mfunguo Mosi, baada tu ya Ramadhani. Mtoto mwenyewe akaomba maji, akatoka nje kucheza.

Wakatoka tisa. Samiha kabaki, kichwa kimelala upande.

Tukangoja. Mwatum akatazama ubao, akatazama mwalimu.

"Na wangu?"

Akaweka kidole kwenye namba ubaoni.

"Mwalimu, tisa kati ya kumi. Wa kumi nani? Ulijua ni wangu?"

"Sikujua, mwanangu. Wallahi sikujua."

"Sasa kwa nini hukuandika wote?"

Bi Kazija akamtazama Bwana Abdulsamad, na yule bwana akatazama viatu vyake. Mie najua jibu, na mwalimu yeyote analijua. Ukiandika "wote" halafu mmoja akashindwa, fomu inasema lengo halikufikiwa, mwalimu dhaifu. Kwa hiyo tunaandika "angalau tisa kati ya kumi" na tunalala usingizi mzuri. Wote tunaandika hivyo. Kila kipindi, kila siku, tunamuacha mtoto mmoja mahali, wala hatujawahi kuulizwa jina lake.

"Ndivyo nilivyowafundisha," Bwana Abdulsamad akasema, taratibu kama mtu anayesoma majibu yake ya hospitali.

Bi Kazija akafuta ubao wote. Akamwendea Mwatum. "Ntaandika jina lake. Lakini atasema alichokisikia, na huyu kasikiliza zaidi ya wenzake. Huenda kisipendeze."

"Aseme hata kama ni mauti yangu. Nipe mtoto."

Akaandika, safari hii herufi kwa herufi: "Hadi mwisho wa kipindi, Samiha binti Talib ataje alichokisikia, kisha aache kusikiliza, ale, acheze." Akalisoma.

"Inshallah," Samiha akaitikia peke yake.

Akawa anafungua mdomo na kufunga. Kisha akasema, "Mtu anaandika."

"Wapi, mwanangu?"

Akaonyesha ukuta wa nyuma. "Kule. Kwa chaki. Anaandika polepole."

"Anaandika nini?"

"Hadi mwisho wa kipindi, Bi Kazija aweze..." Akasita, kakaza sikio.

Mie hapo natafuta cha kuchekesha, sikipati.

"Niweze nini?" Bi Kazija akauliza.

"Hajamaliza," Samiha akasema. Akapiga chafya. Kichwa kikanyooka, akamuona mama yake. "Mama, yako wapi mandazi?"

Mwatum alimbeba akatoka naye mbio, hakuaga mtu. Bwana Abdulsamad alizunguka nyuma ya skuli na fimbo. Akakuta manyasi, tangi, na ukuta mkavu usio na alama, ingawa mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Bi Kazija bado anasomesha. Samiha anasoma sasa, tena kwa mbwembwe. Ubaoni kwa Bi Kazija hakuna tena "tisa kati ya kumi". Anaandika "wote", mmoja akishindwa yeye mwenyewe anaandikiwa mwalimu dhaifu kwenye fomu, anatia saini, anarudi kukaa na yule mmoja mpaka aweze. Na vijana wa grupu tukaiga, kimyakimya, bila kutumiana vikaragosi.

Ila mwezi uliopita uchokozi ukanipanda. Nikamuandikia peke yake, "Bi Kazija, yule mwenzako wa nyuma ya ukuta kafika wapi?" Nikaweka na sura za kucheka.

Hakurudisha kidole gumba. Nilimsikia kabisa upande wa pili wa ukuta, akiburuza kiti chake kwenda nyuma ya darasa, akakaa. Kisha simu yangu ikalia.

"Bado yuko kwenye *aweze*," aliniandikia. "Sasa anachonga chaki."