Wembe wa Baba na Kipande cha Mkate

Nimeibiwa vitu vingi maishani, mume akiwemo. Lakini mzee asiyeinuka kitandani kuamka ghafla na kuiba mkate mbele ya macho yangu? Hiyo ilikuwa mpya.

Tulieni niwasimulie.

Marehemu baba yangu alikuwa kinyozi. Vitani alitekwa, akafungwa kambini, na huko ndiye aliyekuwa akiwanyoa walinzi wa adui. Aliporudi hakusimulia neno. Alifungua kibanda, akanifundisha kazi, akafa na yake moyoni.

Majuzi mwenyekiti wa chama cha askari wa zamani akatangaza kuwa picha ya baba inashushwa ukumbini.

"Wembe shingoni mwa adui kila siku, na hakumkata hata mmoja! Huyo alikuwa msaliti."

Wajukuu wangu wakaanza kuzomewa njiani.

Nilizunguka maofisini mpaka viatu vikafungua midomo. Kila dirisha ni "njoo kesho". Aliyebaki hai kutoka kambi ile alikuwa mmoja tu: baba mzazi wa huyohuyo mwenyekiti. Naye tangu augue, ulimi ulikuwa umefungwa.

Siku moja kabla ya picha kushushwa, nikajipeleka kwao na mkoba wa vifaa vya baba.

"Muulize," mwenyekiti akacheka, akionyesha kitandani. "Akikujibu, picha inabaki."

Nikauliza. Mzee akatazama dari tu.

"Basi mdogo wangu, nikunyoe niende zangu. Na ndevu hizo kesho unakwenda mkutanoni au kutisha watoto?"

Mwenyekiti akaketi mbele ya kioo. "Usinikate, bi mkubwa."

"Si umesema kwetu hatukati mtu?"

Povu la moto, mkono mwepesi. Kichwa kikalegea. Akaanza kukoroma, wembe wangu ukiwa kooni pake.

Shetani akaninong'oneza: kidogo tu, bibi.

Nikafanya alivyonizoesha baba: mteja akisinzia, gonga bakuli kwa mpini wa wembe, polepole, mara tatu. Ya nini? Hakuwahi kuniambia.

Ko. Ko. Ko.

Kitanda kikalia.

Mzee alikuwa amesimama! Akanyata huku akishika ukuta mpaka mezani, akanyakua mkate, akaumega, akanisukumia nusu kifuani.

"Mfichie mgonjwa," akanong'ona. "Haraka. Mlinzi kalala."

Nikaupokea. "Nani kasema?"

"We kiziwi? Kinyozi kagonga!"

"Huyo kinyozi si mtu wao?"

Akanitazama kama mpumbavu. "Bila yeye tungekula nini?"

Hapo nikagundua kwamba sikuwa nasikia mkoromo tena.

Kiooni, macho ya mwenyekiti yalikuwa wazi, yanabubujika machozi.

Mzee naye akayaona. Akaficha mkate mgongoni. "Kaamka," akasema. "Tumekwisha."

Nikauondoa wembe kooni mwa mwenyekiti.

Mwenyekiti akafumba macho taratibu. Akakoroma. Vibaya kweli, kama trekta bovu.

Nami nikagonga bakuli tena.

Mzee akashusha pumzi, akakaa sakafuni, akaanza kula.

Picha ya baba haijashushwa. Mwenyekiti huifuta vumbi mwenyewe, tena kwa leso yake.

Basi wanangu, mkimwona mtu yuko karibu na adui, msikimbilie kumwita msaliti. Ulizeni kwanza ni nani aliyeshiba.