Mawe Mawili ya Bibi Mwamini

Nikisikia harufu ya moshi wa makapi ya michikichi, yale yanayobaki baada ya kukamua mawese, wenzangu humezea mate, mimi huona aibu. Nina watoto watatu na jiko la gesi, lakini harufu ile ikipenya dirishani narudi kuwa msichana wa miaka tisa, nimekumbatia jiwe tumboni, najisifu.

Baba yangu, fundi baiskeli wa Simbo, alikuwa amenunua nyumba Ujiji. Nyumba yenyewe ilikuwa kichekesho: vyumba viwili vya matofali ya udongo, bati lenye kutu, na mlango ambao ilibidi uuinue kwanza ndipo ufunguke. Lakini uwanja wake! Michikichi, mipera, majani ya kunifika kifuani, na bado nafasi ya kuchezea mpira ilibaki.

Aliyetuuzia ni Bibi Mwamini, mjane ambaye wazee wake walivuka ziwa kutoka Kongo. Alikuwa anahamia kwa binti yake karibu na soko. Alikuwa na sharti moja tu: uwanjani alilala mwanawe wa kwanza, aliyefariki kabla ya kuota meno, na kila Shaabani aruhusiwe kuja kufagia kaburi. Baba alikubali kwa mikono miwili. Alipelekwa akaonyeshwa, akaitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye mipaka. Mama alikuwa bado Simbo anavuna maharage. Mimi nilikuwa juu ya mpera, mdomo umejaa, sisikilizi la mtu.

Kwetu Simbo, kwenye makaburi ya Wakristo wenzetu, tulizoea misalaba ya mbao. Kwa hiyo mama alipofika na kulalamika kwamba hana mafiga, nami nikakuta mawe mawili yamesimama majanini, meupe, laini, kila moja na mstari mwekundu, niliona bahati tupu. Niliyang'oa moja baada ya jingine. La tatu niliokota barabarani, baya na fupi, ndiyo maana sufuria yetu iliinama upande mmoja miaka yote. Mama alinisifu mbele ya majirani: "Huyu ana akili ya nyumba." Pale nilipoyang'oa udongo ulikuwa laini, basi mama akapanda mchicha papo hapo. Baba naye akafyeka majani na kuangusha michikichi miwili ili apate mwanga.

Shaabani ikafika. Bibi Mwamini alikuja na ufagio mpya wa chelewa na ubani kwenye pindo la kanga. Baba alimtangulia, akazunguka, akakuna kichwa, akazunguka tena. Mwishowe akanyoosha kidole chini ya mpera kwa ujasiri wa mtu anayeona haya. "Ni hapa, Bibi."

Bibi alitazama mpera, akatazama visiki vya michikichi, akatafuta alama alizozijua asizione, kisha akainama na kuanza kufagia. Mimi nilikuwa mlangoni. Ndipo mambo yote yakanijia kwa pamoja: kaburi, mawe mawili, udongo laini. Neno moja lingetosha. Lakini nilifikiria fimbo ya baba, na zaidi ya fimbo nilifikiria sifa za mama, nikanyamaza.

Alikuja tena mwaka uliofuata, na uliofuata. Alifagia chini ya mpera, akaomba dua, akapewa chai barazani kama mgeni mwingine yeyote, akaondoka. Mchicha wa pale ulistawi kuliko wote, nami niliacha kabisa kuula. Mama akadhani nina minyoo, akaninywesha dawa chungu hadi nikatapika. Niliona hiyo ni haki yangu.

Mara ya mwisho nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Wazazi hawakuwepo, jua lilikuwa kali, na Bibi aliingia jikoni kupumzika huku nikikaanga dagaa kwa mawese. Aliketi kwenye kigoda. Muda mrefu alitazama motoni.

"Mutoto wangu," akasema taratibu, "mawe mazuri haya. Muliyatoa wapi?"

"Ziwani, Bibi."

Akaitikia kwa kichwa. "Ni kweli. Ni ya ziwani."

Akainuka, akaenda kufagia chini ya mpera. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba nimeponyoka.

Hakufika Shaabani nyingine. Msibani kwake nilimsikia binti yake akiwasimulia wanawake jinsi marehemu baba yao alivyokwenda ziwani kwa miguu, akarudi amekumbatia mawe mawili meupe, la kichwani na la miguuni, kwa ajili ya mtoto wake wa kwanza. Nilitoka nje nikalia, watu wakasema nilimpenda sana Bibi.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile jikoni alinishika na akaniachia. Nimekuja kuelewa nikiwa mama, nami nikijua uzito wa mtoto mchanga mkononi. Bibi Mwamini hakuwa anatafuta mwizi. Alikuwa ananiomba nimwonyeshe mahali nilipoyang'oa, na duniani kote hapakuwa na mwingine wa kumwomba.

Mama bado anapikia mawe yale. Sijamwambia, ninyi ndio wa kwanza kunisikia.

Ni hatua kumi na tatu kutoka mlango wa uani, Bibi, mkono wa kulia, pale penye mchicha.