Muuze Angali na Mwili

Kuna asubuhi moja haijanitoka akilini mpaka leo, mwanangu, nami nitakusimulia kabla hujaondoka hapa zizini na hiyo simu yako. Nilikuwa kijana wa rika lako, hapa hapa Njiru, wakati hizi ploti za ghorofa zilikuwa nyasi tupu. Baba alikuwa amefariki, akamwachia mama ng'ombe watatu: madume wawili na mtamba mwekundu ambaye alikuwa hajazaa bado. Hao ndio waliokuwa mahari yangu. Nilikuwa nimempenda mama yako, Mueni, binti wa mchonga vinyago wa Shauri Moyo, na mzee wake alikuwa amekwisha sema anataka ng'ombe, si maneno.

Mvua za masika hazikuja. Mimi wala sikushtuka. Mawingu yalijikusanya kila jioni upande wa Ukambani, nami nikasema, kesho. Vijana wote tulisema kesho. Mama hakuyaangalia mawingu hata kidogo, yeye aliangalia barabara. Asubuhi hiyo alinivuta mkono mpaka Barabara ya Kangundo, tukakuta wafugaji wageni waliotembea kutoka mbali wakilisha ng'ombe wao mtaroni. Mbavu za wale wanyama zilikuwa zinahesabika.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Ng'ombe, mama."

"Mimi naona kwao nyasi zimekwisha. Watamaliza na zetu, halafu wataanza kuuza wote kwa pamoja, na dume wako hakuna atakayemtazama. Kesho wale wawili wanaenda sokoni."

Nilipandwa na hasira, we! "Mama, nikaoe na nini? Na upepo?" Jirani yetu mwenye kundi kubwa akasikia, akacheka hadi akashika kiuno. Mjane ameanza kuuza zizi, akasema, kesho atauza mlango. Kwetu mtu alipimwa kwa zizi lake. Kutoa mnyama wakati hakuna mgonjwa wala karo ya shule ilikuwa kama kuvua nguo hadharani.

Mama hakupandisha sauti. "Wewe unataka kuoa kwa ng'ombe au kwa ngozi?"

Madume wakauzwa wakiwa wamenona, ngozi inang'aa. Pesa walizoleta, mama hakuzinunulia leso wala mabati. Alinunua nyasi kavu, marobota kwa marobota, akajaza chumba alichokuwa akilala baba, sisi tukabanana kwingine. Nami akanituma soko la Gikomba kila alfajiri nikambebee mtamba maganda ya ndizi na majani ya kabichi kabla hayajaoza. Nilinuka, mwanangu! Mama yako alikuwa akinipita ameshika pua, anacheka.

Mvua za vuli nazo hazikuja. Jirani alipokubali kuuza, mabroka, wale madalali wa ng'ombe, walimpita kama hawamwoni. Ikafika mahali tunamsaidia kuwainua ng'ombe wake kila asubuhi kwa mikono, na siku moja hawakuinuka. Sikumcheka. Nililia naye, maana niliona kwamba bila mama nami ningefika pale pale.

Ndipo baba yake Mueni akaja mwenyewe kuangalia mahari, kwa sababu huko Shauri Moyo, kwenye vyumba vya kupanga, ng'ombe ungemfunga wapi, mlangoni pa choo? Nilijua leo ananyimwa mtu mke. Mzee akazunguka zizi, akamkuta mtamba peke yake, mnene, tena ana mimba.

"Wenzake wako wapi?"

Mama akanitazama, nijibu mwenyewe.

"Huyu amewala, baba."

Mzee akampapasa mtamba ubavuni. Kisha akatuambia kwamba ndugu zake kule nyumbani Ukambani wamebaki na ngozi za ng'ombe zilizoanikwa juu ya ua. "Wewe umejua kuachilia mapema," akasema. "Binti yangu hatalala njaa kwako." Nilitaka kumwambia ni mama aliyejua, lakini mama alinikanyaga mguu. Mahari iliyobaki niliitoa pole pole, nikianza na ndama wa yule mtamba.

Sasa wewe. Umesimama hapa na ng'ombe wako, majani ya kununua yamepanda bei, unaniambia, "Tulia mzee, simu inasema mvua ni wiki ijayo." Na wiki iliyopita ilisema nini? Nimepita Donholm juzi, ng'ombe wa watu wa mbali wanakula nyasi za kando ya Barabara ya Outering. Umewaona pia, ukapiga honi ukaenda zako.

Ninachokuambia ni hiki. Usingoje mnyama aanguke ndipo ukubali kuwa ni kiangazi. Muuze angali na mwili, wakati mnunuzi bado anakubembeleza. Mbakishe yule mwenye mimba, na chakula chake ukinunue sasa, kabla wengine hawajagutuka. Watakucheka hapa mtaani, waache wacheke. Wewe unajua kufuga, nimekuona, na mtu anayejua kufuga, zizi lake hujaa tena.

Kesho alfajiri nitakuja. Nitamshika kamba yule dume wako mweusi, twende naye sokoni pamoja. Najua unampenda. Ukitokwa na machozi njiani, mimi nitatazama mbele.

Mungu akupe moyo wa kufungua mlango wa zizi kwa mkono wako mwenyewe, mwanangu, na mvua itakaponyesha ikukute ukikamua.