Mluzi wa Kando ya Uwanja

Kila nikipaka viatu mafuta ya ng'ombe, harufu ile hunirudisha kwenye uwanja wa shule ya misheni. Mpira wetu wa ngozi ulipakwa mafuta hayohayo.

Siku moja ya mechi, mwalimu wa timu ngeni alikimbia kando ya mstari akipayuka. Wetu aliketi tu kwenye nyasi.

"Huyu ni mvivu, tuombe mwingine," baba alinung'unika. "Hata hasemi!"

Mechi ilikaribia kwisha, bado sare. Ndipo mwalimu wetu akapiga mluzi ule wa kugeuza ng'ombe. Vijana wetu, wote waliolelewa wakichunga ng'ombe, wakageukia upande wa pili kwa pamoja. Wageni wakabaki wakitazamana. Mpira ukaingia.

Tukirudi nyumbani, nilimsikia baba akijaribu ule mluzi polepole, na hapakuwa na ng'ombe njiani.